Dakika 23 nyuma, lakini ya kwanza: uchambuzi wa mbio moja ya matanga Kisumu

Mashua aina ya Fireball ilivuka mstari wa mwisho dakika 57 na sekunde 36 baada ya honi ya kuanzia. Topper, mashua ndogo zaidi, ilivuka dakika 23 na sekunde 24 baadaye, wakati wale wawili wa Fireball walikuwa wamekwisha kushusha matanga na kuivuta mashua yao mchangani. Kamati ikapiga hesabu, ikaitangaza Topper kuwa mshindi. Maneno yakaanza hapo.

Kisa hiki kimepangwa kwa ajili ya kamati za mbio na wanaoshindana. Aina za mashua ni za kweli, ghuba ni hii yetu ya Winam, Ziwa Victoria, na hesabu ni ileile inayotumika katika klabu nyingi mashua za aina tofauti zinaposhindanishwa. Nyakati zimewekwa ili msomaji ashike kalamu na kuzifuata mwenyewe. Mashua zilikuwa nne, yaani Fireball, Laser, Topper na mashua moja ya uvuvi, zimeanza pamoja saa nane mchana nje ya ufuo wa Dunga, mizunguko mitatu kuzunguka maboya matatu: mguu wa kwanza dhidi ya upepo, wa pili upepo wa ubavuni, wa tatu upepo wa nyuma.

Namba inasema nini

Fireball ni mashua ndefu nyembamba ya karibu mita 4.9, ya watu wawili, mmoja akining'inia nje kwa waya ili kuizuia isilale. Laser ni ya mtu mmoja, mita 4.2, tanga moja la mita 7 za mraba, na ganda lake lina uzito wa kilo 59. Topper ni ndogo zaidi, ya plastiki, mita 3.4, tanga la mita 5.2 za mraba, na kwa kawaida huendeshwa na kijana. Ukizishindanisha hizi bila kusawazisha, Topper haina haja hata ya kulowa.

Kwa hiyo kila aina hupewa namba. Mfumo uliotumika hapa ni wa Portsmouth, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1947 na Zillwood Milledge wa klabu ya Langstone. Siku hizi chama cha mashua cha Uingereza, RYA, hukusanya matokeo ya klabu na kutoa orodha mpya kila mwaka. Namba ni muda. Mashua ya 1000 ikimaliza umbali fulani kwa dakika 10, ya 1370 inategemewa kumaliza umbali huohuo kwa dakika 13 na sekunde 42. Namba kubwa ni mashua ya polepole. Ili kupata muda uliosawazishwa, chukua muda halisi kwa sekunde, zidisha kwa 1000, gawanya kwa namba. Hapa tumezikadiria hadi makumi: Fireball 960, Laser 1100, Topper 1370.

Wengi hukosea jambo moja hapa. Namba ni ya aina ya mashua, ikiwa na tanga zima na watu wanaoijua. Haimwangalii aliyeshika usukani. Laser yenye tanga lililolegea kama shuka kuukuu, au ganda lililokunywa maji ndani likafika kilo 65, inabeba 1100 ileile. Mwenye mashua ya namna hiyo akilalamika kwamba namba inamwonea, jibu liko kwenye mizani na kwenye kizibo cha kutolea maji, si kwenye orodha.

Haya ndiyo yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kamati:

| Mashua | Namba | Mzunguko 1 | Mzunguko 2 | Mzunguko 3 | Muda halisi | Uliosawazishwa |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Topper | 1370 | 29:00 | 28:30 | 23:30 | 81:00 | 59:07 |
| Fireball | 960 | 19:20 | 19:10 | 19:06 | 57:36 | 60:00 |
| Laser | 1100 | 22:30 | 22:20 | 21:40 | 66:30 | 60:27 |
| Mashua ya uvuvi | 1500 | 36:10 | 34:50 | 27:00 | 98:00 | 65:20 |

Hesabu haina kosa. Sekunde 4,860 za Topper mara 1000, gawanya kwa 1370, ni sekunde 3,547. Fireball ni 3,600 kamili. Topper imeshinda kwa sekunde 53. Watu wa Fireball walisema namba ya Topper ni zawadi, ipunguzwe. Mwenye Laser akawaunga mkono. Wazazi wa kijana wa Topper walisema namba imechapishwa na wataalamu na mtoto wao asivunjwe moyo. Kila upande ulikuwa unaikodolea macho safu ya pili ya jedwali. Jibu lilikuwa kwenye safu ya tano.

Saa tisa alasiri

Upepo wa ghuba una saa zake. Usiku na alfajiri hutoka nchi kavu kuelekea majini. Jua likipanda na nchi ikipata joto, hugeuka na kuingia kutoka magharibi au kusini-magharibi, ukizidi kadiri alasiri inavyosogea. Wavuvi wa Dunga hupanga safari zao kwa upepo huo, asubuhi wakitoka nao na jioni wakirudi nao.

Mbio hizi zilianza na upepo wa noti 7 au 8 (noti ni kipimo cha kasi kinachotumika majini). Karibu saa tisa, dakika ya 60 ya mbio, mstari mweusi ulionekana juu ya maji upande wa magharibi, ukasogea haraka, na nyuma yake upepo ukawa noti 15 hadi 16. Fireball ilikuwa imemaliza dakika mbili na nusu kabla. Laser ilibaki na dakika sita na nusu za kuufaidi. Topper ilikuwa imeanza mzunguko wa tatu dakika ya 57 na nusu. Karibu mzunguko wake wote wa mwisho ulikuwa ndani ya upepo huo.

Itazame Topper kwenye mguu wa upepo wa ubavuni. Kijana amesogea nyuma kiasi cha futi moja, omo (mbele ya mashua) limeinuka, na maji yanaachana na tezi (nyuma yake) kwa mkato safi badala ya kuchemka povu kuzunguka usukani. Mashua imeacha kuyasukuma maji kando. Inateleza juu yake. Kwa noti 8 Topper haifanyi hivyo. Kwa noti 15 inafanya, na tofauti si ya asilimia mbili tatu. Mzunguko uliochukua dakika 28 na nusu ukachukua 23 na nusu.

Sasa pima mbio zilezile mwisho wa mzunguko wa pili, kila moja ya zile tatu zenye namba ya orodha ikiwa imepata upepo mmoja. Fireball sekunde 2,310, ukisawazisha 2,406. Laser sekunde 2,690, ikawa 2,445. Topper sekunde 3,450, ikawa 2,518. Fireball inaongoza, Laser iko sekunde 39 nyuma, Topper ni ya tatu kwa sekunde 112.

Ukitaka kujua ni namba gani ingeifanya Topper itoke sare na Fireball, gawanya muda halisi wa Topper kwa muda uliosawazishwa wa Fireball, zidisha kwa 1000. Kwa mizunguko mitatu unapata 1350. Kwa mizunguko miwili unapata 1434. Mashua ni ileile, kijana ni yuleyule, siku ni moja. Karatasi hiyohiyo inasema Topper imependelewa kwa pointi 20 na imeonewa kwa pointi 64, kutegemea ulipoikata. Kamati ambayo ingeshusha namba hadi 1350 jioni ile kwa sababu ya kelele, ingemfanya kijana huyo aanze Jumapili ijayo, upepo ukiwa tulivu, akiwa nyuma ya Fireball kwa sekunde 149 kila mizunguko miwili badala ya 112. Huo ndio uonevu wenyewe, na ungekuja na muhuri wa haki.

Kila pointi ya namba ya Topper ina thamani ya karibu sekunde 2.6 katika mbio za urefu huu. Badiliko la upepo wa dakika ishirini lilikuwa na thamani ya zaidi ya dakika mbili na nusu. Hakuna namba inayoweza kulibeba pengo la namna hiyo, kwa sababu namba haijui saa ngapi upepo umeingia.

Je, kuna rufaa?

Fireball iliomba nafuu, yaani matokeo yake yarekebishwe, kwa kamati ya malalamiko. Kanuni za World Sailing, chombo cha dunia cha mchezo huu, kanuni ya 61, zinatoa nafuu pale matokeo ya mashua yameharibika bila kosa lake kwa sababu zilizotajwa, na ile inayotajwa zaidi ni kitendo kisichofaa cha kamati au kamati kuacha kufanya inalopaswa. Upepo kuongezeka haumo. Kamati haikufanya kosa lolote la kikanuni. Iliahidi mizunguko mitatu, ikatoa mitatu.

Kanuni ya 32 inairuhusu kamati kufupisha mbio kwa sababu inayogusa usalama au haki ya mashindano, kwa kupandisha bendera S kwenye boya au mstari ambapo mbio zitaishia. Lakini bendera hiyo lazima iwe juu kabla mashua ya kwanza haijafika hapo. Fireball ilimaliza mzunguko wa pili dakika ya 38 na nusu, upepo mkali ukiwa bado haujaonekana kwa macho. Kuilaumu kamati kwa kutofupisha ni kuitaka itabiri. Ombi la nafuu likakataliwa, na kwa haki kabisa.

Kosa la kamati, kama tutaliita hivyo, lilifanyika kabla ya siku ya mbio, pale ilipochagua idadi sawa ya mizunguko kwa mashua zinazotofautiana kwa zaidi ya asilimia 40 za kasi, katika ghuba ambayo upepo wake hupanda alasiri. Ukifanya hivyo hapa Kisumu, mashua ya polepole itapata upepo mkubwa mara nyingi kuliko ya kasi. Ukianza saa kumi na moja jioni, mambo hugeuka: upepo hufifia jua likikaribia kuzama, na mashua ya polepole ndiyo inayobaki katikati ya ziwa ikipepea tanga.

Wote wamalize kwa wakati mmoja

Dawa ya kwanza ni hesabu ya wastani wa mizunguko. Wote huanza pamoja. Kamati ikiona muda uliopangwa umekaribia, hupiga honi mashua inayoongoza inapovuka mstari, na kila nyingine humaliza mara inayofuata inapovuka, iwe imezunguka mara ngapi. Muda halisi huzidishwa kwa 1000 na kwa idadi kubwa zaidi ya mizunguko iliyofanywa na mashua yoyote, kisha hugawanywa kwa namba na kwa mizunguko ya mashua hiyo.

Turudishe mbio zilezile. Tuchukulie Fireball imeendelea na mzunguko wa nne ndani ya upepo mkali kwa dakika 16, ikapigiwa honi dakika ya 73 na sekunde 36. Laser nayo imemaliza wa nne dakika ya 85. Topper imevuka na mitatu dakika 81. Fireball inapata sekunde 4,600. Laser 4,636. Topper, sekunde 4,860 mara nne gawanya kwa tatu ni 6,480, gawanya kwa 1.37, ni 4,730. Mpangilio umerudi ulivyokuwa kwenye upepo sawa, na kila mmoja ameuonja upepo mkubwa. Bado si sawasawa kabisa: Laser imetumia karibu asilimia 29 ya muda wake kwenye upepo huo, Fireball asilimia 18. Lakini pengo lililobaki linavumilika, na linapungua zaidi ukifupisha mzunguko. Mzunguko wa dakika 19 kwa mashua ya kasi ni mrefu mno. Sogeza boya la juu karibu ili mzunguko wa Fireball uwe dakika 8 hadi 10. Hapo mashua zote tatu zenye namba ya orodha humaliza ndani ya robo saa baada ya honi.

Wastani wa mizunguko una mitego yake, na huharibika kwa mambo madogo. Mstari wa kuanzia ukiwa mbali na mstari wa kuhesabia, mzunguko wa kwanza huwa na urefu tofauti na mingine, na mashua yenye mizunguko michache hubeba kosa hilo kwa uzito mkubwa. Weka mstari mmoja kwa kazi zote mbili, na kila mzunguko upite ndani yake. Pili, kuhesabu. Watu wawili kwenye mashua ya kamati, mmoja akitamka namba ya tanga na muda, mwingine akiandika, na simu ikirekodi sauti pembeni. Mzunguko mmoja ukisahaulika, hakuna hesabu itakayoukomboa.

Njia ya pili ni mbio za kufukuzana: ya polepole huanza kwanza, ya kasi mwisho, na honi moja huwakuta wote walipo. Kwa dakika 90, Topper ikianza dakika sifuri, Laser huanza baada ya 90 mara 270 gawanya kwa 1370, yaani dakika 17 na sekunde 44. Fireball baada ya dakika 26 na sekunde 56. Kamati nyingi huzifanya 18 na 27. Aliye mbele honi ikilia ndiye mshindi, na hata mtazamaji aliyekaa Hippo Point na samaki wake mkononi anaona nani ameshinda bila kikokotoo. Ni mbio tamu. Ila zina upendeleo wa kinyume: Topper imetumia nusu saa ya ziada katika upepo dhaifu wa mwanzo. Kwa hiyo mbio za kufukuzana zianzishwe upepo ukishakuwa wa nguvu moja, si wakati unapanda.

Hewa ya huku juu

Kuna jambo ambalo orodha ya Uingereza haiwezi kulijua. Matokeo yanayoijenga yametoka kwenye maji yaliyo karibu na usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu. Hewa hapa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10, na kani ya upepo kwenye tanga hupungua kwa kiasi hichohicho. Noti 15 za Kisumu husukuma kama noti 14 za pwani. Naivasha, kule kaunti ya Nakuru, mita 1,890 hivi, upungufu unakaribia asilimia 17.

Kwa mashua nzito zisizoteleza, hilo huzigusa zote kwa namna moja na namba hazisumbuki. Kwa mashua zinazoteleza ni tofauti, kwa sababu kuteleza kuna kizingiti. Mashua iliyo chini kidogo ya kizingiti haitelezi hata kidogo. Siku ya noti 12, huenda Fireball ikawa juu ya kizingiti chake na Topper chini ya chake, ambapo baharini zote mbili zingeteleza. Klabu ya huku ikitunza matokeo yake kwa misimu miwili mitatu, itaweza kuona kama Topper inahitaji pointi kadhaa zaidi. Isifanye hivyo kwa kubuni. Hadi hapo, namba ya orodha ndiyo namba.

Mashua ya uvuvi

Hii ya nne ndiyo iliyoonewa kweli, na hakuna aliyeitetea.

Ni mashua ya mbao ya karibu mita 7, imejengwa ufuoni, mbao zimeungwa kwa misumari na nafasi zake kuzibwa kwa pamba, ina mkuku mfupi (uti wa chini wa mashua) na tanga la pembetatu lililofungwa kwenye foromali ndefu, ule mti wa kushikia tanga. Ndiyo inayoleta ngege na mbuta. Haina namba ya Portsmouth, na kamati iliitazama, ikajadiliana dakika tano, ikaipa 1500. Ikamaliza ya mwisho kwa zaidi ya dakika tano baada ya kusawazishwa. Nahodha wake na vijana wake wanne walishukuru kwa adabu, wakaondoka. Mwaka unaofuata hawatarudi, na si kwa sababu hawajui kusafiri na tanga.

Tuanze na mahali ilipopotezea muda. Simama kwenye mashua ya kamati uitazame ikipanda dhidi ya upepo, ile ambayo mabaharia wa pwani huita kupiga bisha. Omo linaelekea boya, lakini mkondo mweupe unaobaki nyuma hauko sambamba na mkuku, umekwenda upande. Mashua haina ubao wa kuteremsha katikati, hivyo inaserereka. Laser hupanda kwa nyuzi 45 kila upande wa upepo. Mashua hii, ukihesabu na kuserereka kwake, hupanda kwa nyuzi 60. Kwa mguu wa kilomita moja, Laser husafiri kilomita 1.41. Mashua ya uvuvi husafiri kilomita 2. Hata kama zingekuwa na kasi moja, mashua ya uvuvi ina njia ndefu zaidi kwa asilimia 41 kwenye mguu huo.

Kwenye upepo wa ubavuni na wa nyuma, mashua hiyohiyo si mnyonge. Urefu humpa mwendo: kikomo cha kasi cha mashua isiyoteleza hupanda kwa kipeuo cha pili cha urefu wake majini, na mashua yenye mita 6 majini hufika karibu noti 6. Ndiyo maana, upepo ulipokaza, mzunguko wake wa tatu ulishuka hadi dakika 27. Kwa hiyo namba moja haiwezi kuitendea haki kwenye njia yenye bisha nyingi na pia kwenye njia isiyo na bisha. Mifumo mikubwa ya kusawazisha kama ORC hulitatua hili kwa kompyuta inayokadiria kasi ya kila mashua kwa kila upepo na kila pembe. Ufuoni hatuna hiyo, lakini tuna uwezo wa kusogeza maboya. Weka njia ya kwenda na kurudi kukata upepo, tatizo linapungua kwa sehemu kubwa bila hesabu yoyote.

Kuhusu namba yenyewe: chukua wastani wa muda uliosawazishwa wa zile tatu zenye namba, yaani sekunde 3,592, ugawe nao muda halisi wa mashua ya uvuvi, 5,880, zidisha kwa 1000. Unapata 1637. Fanya hivyo kwa mizunguko miwili, unapata 1734. Tayari tunajua kwa nini zinatofautiana. 1500 ilikuwa mbali na zote mbili. Kukisia namba kwa macho mara nyingi huipa mashua ngeni namba ya kasi kuliko ilivyo, kwa sababu kamati huogopa mgeni asije akashinda mara ya kwanza.

Utaratibu unaofaa ni huu. Namba ya kwanza itangazwe kuwa ya muda. Baada ya kila mbio, pata namba iliyojidhihirisha, kisha sogeza namba ya muda robo ya tofauti tu. Kutoka 1500 kwenda 1637 ni pointi 137. Robo ni 34. Mbio zijazo inaanza na 1534. Baada ya mbio tano au zaidi, za siku za upepo tofauti, itakuwa imetulia. Robo hiyo huzuia mbio moja ya ajabu kama hii isiivuruge, na humfanya anayezembea makusudi ili aongezewe namba aone faida haba. Mbio ambazo mashua ilinasa kwenye magugu maji, ilivunja kamba au ilipotea njia, zisiingizwe kabisa.

Magugu nayo yanataka neno lake. Yakisukumwa na upepo wa alasiri, kisiwa kizima cha magugu kinaweza kufunga njia ya boya ndani ya nusu saa. Laser huinua ubao wake na kupita pembeni. Mashua yenye mkuku hukokota mizizi hadi mwisho wa mguu. Mtu wa kamati mwenye boti ya injini awe juu ya upepo akitazama. Boya likizingirwa, lihamishwe kwa ishara kabla mashua ya kwanza haijalifikia mzunguko huo, la sivyo wa mbele watapita maji safi na wa nyuma watapita shamba.

Zikijitokeza mashua za uvuvi tano au zaidi, ziacheni zianze peke yake dakika kumi baada ya nyingine, na zawadi yake. Mashua za ufuo mmoja zinafanana kuliko zinavyofanana na Fireball. Hapo pimeni urefu majini kwa utepe, ukubwa wa tanga likiwa limetandazwa mchangani, na idadi ya watu. Mashua iliyolala majini miezi yote ina mbao zilizolowa, nzito kuliko iliyoanikwa juani. Liandikeni hilo pia. Namba za kuanzia zitoke kwenye vipimo hivyo, zisogezwe kwa robo, na zibandikwe ubaoni asubuhi kabla ya mbio, pamoja na karatasi ya mizunguko ya mbio zilizopita, kila mzunguko na dakika yake, mahali nahodha na vijana wake wanaweza kuzisoma kabla hawajapandisha foromali.